Shilingi 22,000 za kumpima mwanangu Malindi: nilichopata na kilichoniudhi

Mimi nashona kofia za mkono, Langoni, Lamu. Kofia moja ya tobo ndogondogo hunichukua miezi mitatu, na minne nyumba ikiwa na wageni. Nikisema nililipa shilingi 22,000 kumpima mwanangu shida ya kusoma, mzazi mwenzangu aelewe kwamba ni kofia tatu hizo, na nauli bado haijahesabiwa. Ndiyo maana nataka kueleza kwa urefu nilichopata, na pale nilipoona pesa yangu haikutendewa haki.

Jina la kliniki sitaliandika, kwa kuwa nina malalamiko nayo pia. Nitaeleza huduma ilivyokuwa, ili popote utakapompeleka mwanao ujue la kudai.

Mtoto nitamwita Badi. Ana miaka 11, yuko gredi ya 5. Ukikaa naye barazani utasema huyu atakuwa wakili. Anajua bei ya samaki kabla ya babake, anajua boti ya nani imekufa injini Mokowe, na akisimuliwa hadithi usiku, kesho yake anairudia yote na sauti za kila aliyemo. Sasa mpe kitabu. Atataka maji, atataka kwenda chooni, atasema kichwa kinamuuma, na kichwa kweli kitamuuma.

Maalim wake wa chuoni, yaani madrasa, alinieleza jambo ambalo uzito wake sikuuona mpaka baadaye. Badi amehifadhi juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani, karibu yote kwa kusikia, lakini akiambiwa afuate kwa kidole, kidole kiko aya ya pili na sauti imeshafika ya tano. Shuleni wao waliandika "hajitumi", mihula minne mfululizo. Mamangu akataka atiwe kombe, yale maji yaliyooshea aya zilizoandikwa. Tulimtia, na dua tukamsomea, na sijuti. Kusoma kulibaki palepale.

Mwaka jana nilimpeleka kwa mtu mmoja Mombasa aliyejitangaza kuwa anapima watoto. Alikaa naye nusu saa, akamwambia achore mtu, akamsomesha ukurasa mmoja wa Kiingereza, kisha akaniandikia karatasi ya mistari sita: mtoto ana uwezo mdogo wa akili, atafutiwe shule maalumu. Shilingi 4,000. Nililia kimyakimya ndani ya basi hadi Kilifi, Badi amelala pajani pangu, na wiki ile nzima sikuweza kumtazama usoni bila kujiuliza kama ni kweli.

Aliyenitoa huko ni afisa wa EARC. Hivi ni vituo vya serikali vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu na kuwaelekeza shule, vilianza 1984 kwa msaada wa Denmark, na wazazi wengi ninaokutana nao hawajui kama vipo. Sikulipa kitu. Aliisoma ile karatasi ya Mombasa, akaikunja, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: masikio yake yameshapimwa? Akanieleza kuwa mtoto asiyesikia vizuri tofauti ya s na sh ataonekana hajui kusoma, na macho hali kadhalika. Nikampeleka hospitali. Macho mazima. Sikio la kushoto lilikuwa na nta iliyoganda, likasafishwa, akasikia vizuri, na kusoma hakukubadilika. Basi, akasema afisa, sasa tunajua si sikio, mtoto anahitaji kipimo kamili cha akili na masomo. Njia zilikuwa mbili: KISE, ile taasisi ya elimu maalumu iliyoko Kasarani, Nairobi, au mtaalamu wa binafsi. Nairobi ilikuwa mbali na mfuko wangu. Nikachagua Malindi, ambako kulikuwa na mwanasaikolojia wa elimu anayekuja siku chache kila mwezi.

Cha kwanza nilichokipenda ni kwamba kazi ilianza kabla hatujafika. Wiki mbili kabla nililetewa fomu kwa simu, kurasa saba. Mimba ilikuwaje, alizaliwa baada ya miezi mingapi, alitembea lini, neno la kwanza lini, amewahi kupata degedege, usingizi wake ukoje, na je, kuna mtu katika ukoo aliyepata shida ya kusoma. Kalamu ikasimama hapo. Nilimkumbuka ami yake, nahodha anayeujua kila mkondo na kila mwamba kutoka hapa hadi Kiwayu, ambaye mpaka leo ujumbe wa simu husomewa na wanawe. Sisi tulikuwa tukisema hakupenda shule. Kumbe shida hii hufuata damu, na hilo peke yake lilinipunguzia mzigo wa kudhani ni malezi yangu. Fomu nyingine ilikwenda kwa mwalimu wa darasa, nyingine ya utulivu na umakini tukajaza sote wawili, mimi kivyangu na yeye kivyake. Tukaambiwa tuje na madaftari ya zamani pia, hata yaliyochanika.

Tulivuka alfajiri hadi Mokowe, basi likapita Hindi, Witu, Garsen, na vile vizuizi ambavyo kila msafiri wa njia hii anavijua. Tukalala kwa dada yangu Shella, Shella ya Malindi, si yetu ya Lamu. Niliomba tupangiwe siku ya pili yake na si siku ileile ya safari, na nakuomba nawe ufanye hivyo hivyo. Mtoto aliyetikiswa na basi asubuhi nzima akipimwa mchana, utapata kipimo cha uchovu.

Mtaalamu ni mama wa makamo. Badi alimwamkia, akamwitikia marahaba, na robo saa ya kwanza hawakugusa karatasi yoyote. Alimuuliza kuhusu mashua. Nilisikia kutoka ukumbini Badi akimweleza tofauti ya jahazi na mashua, na mama yule akiuliza maswali ya mtu anayetaka kujua kweli. Kisha mlango ukafungwa. Mzazi hakai ndani, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu mtoto atakuwa anatafuta jibu usoni mwako.

Kipimo cha akili alichotumia kinaitwa WISC-V, toleo la tano, la mwaka 2014, kwa watoto wa miaka 6 hadi 16. Maswali yake sitayaeleza. Alituomba tusiyasambaze, maana mtoto akiyajua mapema kipimo hakifai tena, na kwa sababu hiyohiyo hakirudiwi baada ya wiki mbili ukiona alama hazikukupendeza. Nitasema tu kinavyogawanyika: uwezo wa kuelewa na kueleza kwa maneno, uwezo wa kuona maumbo na kuyapanga, kufikiri juu ya jambo jipya, kushikilia habari kichwani huku unaifanyia kazi, na kasi. Mafungu matano. Baadaye kikaja kipimo cha masomo yenyewe: kusoma, tahajia, hesabu, kuandika.

Alasiri aliniita ndani, akasema nataka uone jambo moja. Alichukua kitabu cha Kiswahili cha Badi, kile anachotoka nacho shule. Badi akasoma ukurasa wa kwanza bila kukwama, kwa madaha, kama mtangazaji. Nikajisikia nimempotezea mtu wakati. Kisha yule mama akachukua kadi mbili nyeupe, akafunika ukurasa uleule juu na chini, akaacha mstari mmoja wa katikati, akamwambia, "Anzia hapa, babangu."

Badi akanyamaza. Kidole kikaenda kwenye herufi ya kwanza. Miguu yake ilijiviringisha kwenye mguu wa kiti. "A... ali... alipo... alipoku..." Alipofika mwisho wa mstari aliuliza, "Nani alikuja?" Alikuwa amesahau mwanzo wa sentensi aliyoisoma mwenyewe.

Halafu akapewa maneno yasiyo na maana yoyote, ya kubuni, ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuyasikia. Neno lilikuwa "shandeko". Akasema "shade". Akajaribu tena, "shadenko". Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Mama yule akamwambia vizuri sana, umefanya kazi kubwa, akaviweka vitu vyote kando na kumpa maji.

Miaka mitano shuleni, na hakuna aliyewahi kukifunika kile kitabu. Mimi mwenyewe sikukifunika.

Alinieleza kwa nini ilichelewa kuonekana. Kiswahili kimeandikwa kwa uaminifu, kila herufi na sauti yake, kwa hiyo mtoto mwenye shida hii akiwa na subira atalifikia neno silabi kwa silabi, na mwalimu ataweka alama ya vyema. Shida ya Kiswahili inaonekana katika mwendo, si katika makosa. Saa ndiyo inayosema. Kiingereza hakina huruma hiyo, na ndipo Badi alipoanza kuanguka, kuanzia gredi ya 4 karibu masomo yote yalipohamia Kiingereza. Sisi tukasema Kiingereza kinamshinda. Aliyempima Mombasa naye alimpima kwa Kiingereza tu, akahukumu akili yake yote.

Siku ya pili ndiyo iliyoniudhi. Jirani na kliniki walikuwa wanakata vigae kwa mashine, na kelele ilianza wakati Badi anasomewa tarakimu za kurudia. Huwezi kumsomea mtoto tarakimu ndani ya kelele ile. Kwa sifa ya mtaalamu, alisimamisha, akaandika saa iliposimama, na baada ya dakika arobaini wakahamia chumba cha nyuma. Hata hivyo wenye kliniki walijua ujenzi upo tangu wiki iliyopita. Mtu anatoka Lamu kwa boti na basi, anamlipia mtoto kipimo cha umakini, halafu chumba hakijaandaliwa? Hilo nililisema pale pale, na nalirudia hapa.

La pili, ukumbi wa kungojea umetenganishwa na ofisi kwa ubao tu. Nilisikia habari za mtoto wa mwenzangu, mwanzo hadi mwisho, bila kutaka, hata jina lake. Nikajua na za kwangu zitasikika. Kwa hiyo kikao cha majibu niliomba kifanyike baada ya saa kumi, watu wameondoka, wakakubali.

La tatu ni ripoti. Niliahidiwa wiki tatu. Ilikuja baada ya wiki saba, baada ya kupiga simu mara nne, na muhula wa pili ulikuwa umeshaanza. Kurasa 16 za Kiingereza kizito. Mimi Kiingereza nasoma, lakini nilikwama ukurasa wa tatu, na babake hakuanza kabisa. Nikawaomba muhtasari wa Kiswahili. Waliuleta, kurasa mbili safi kabisa, bila kuongeza malipo, na hapo nilizidi kuudhika: kama linawezekana, kwa nini liombwe? Mzazi asiyejua kuomba anakwenda nyumbani na kurasa 16 za kufungia chumbani.

Lakini kikao cha majibu, siku ya pili jioni, kilikuwa ndicho nilichokilipia. Saa moja na nusu. Alichora mstari kwenye karatasi, katikati akaandika 100. Akasema watoto wengi, karibu theluthi mbili, huangukia kati ya 85 na 115. Kisha akaweka nukta za Badi mojamoja. Maneno, 112. Maumbo, 104. Kushikilia habari kichwani, 86. Kasi, 79. Kusoma maneno, 71. Akauchukua mkono wangu, akaweka kidole changu kwenye 112 kisha akakishusha polepole hadi 71, akasema, "Mama Badi, huyu mtoto anaishi hapa juu na shule inamwona hapa chini. Nafasi hii ya katikati ndiyo shida yake. Akili yake haina tatizo." Akaitaja kwa jina: disleksia, shida ya kusoma na tahajia isiyotokana na akili ndogo.

Nilimuuliza mtu wa kumbukumbu ndogo amehifadhi vipi karibu juzuu nzima. Akanijibu kuwa kukariri kitu kwa kukisikia mara mia ni mlango mwingine na kushika tarakimu tano kichwani ukazigeuza nyuma ni mlango mwingine, na kwamba chuoni Badi ameufanyia kazi mlango ule wa kwanza miaka sita. Alifurahi sana kusikia habari ya kidole na aya. Akaiandika.

Nilipenda pia alivyosema wazi mipaka ya kazi yake. Kipimo kile kiliwekewa viwango kwa watoto 2,200 wa Marekani. Mtoto wa Lamu hakuwamo. Maelekezo alimpa kwa Kiswahili, na ndani ya ripoti akaandika kwamba alama ya maneno huenda iko chini ya uwezo wake wa kweli, na kwamba yale maneno ya kubuni ya Kiswahili ameyatumia kuangalia tu, hakuyapa alama, kwa kuwa ni orodha yake mwenyewe isiyo na viwango. Kelele ya vigae nayo akaiandika. Mtu anayeandika udhaifu wa kipimo chake mwenyewe namwamini zaidi kuliko yule wa mistari sita.

Umakini wake uko sawa. Hili lilikuwa muhimu kwangu kwa sababu watu walishaniambia ana ADHD, ile shida ya kutotulia na kukosa umakini. Fomu yangu na ya mwalimu zilitofautiana mno: darasani hatulii, nyumbani anatulia masaa akirekebisha mshipi wa samaki. Akasema mtoto asiyeweza kusoma akikalishwa saa nzima mbele ya maandishi, atacheza na chochote.

Kurasa nne za mwisho ndizo zilizokwenda shule. Asiitwe kusoma kwa sauti mbele ya wenzake bila kupewa kipande hicho jana yake. Maswali ya mtihani wa darasa asomewe. Ajibu kwa mdomo panapowezekana. Asikatwe alama za tahajia katika sayansi. Apate dakika 15 kila siku, si saa mbili Jumamosi, za sauti na silabi kwa mpangilio, kuanzia zile zilizomshinda: nd, mb, ng', sh. Mwalimu wake wa darasa, kijana mpole, aliisoma yote mbele yangu, akafika mahali akainama. Akasema, "Mama, nisamehe, mimi ndiye niliyeandika hajitumi." Nikamwambia hata mimi nilimwita mvivu, na mimi ni mamake.

Mwaka ujao ana KPSEA, mtihani wa kitaifa wa gredi ya 6. Ripoti kama hii ndiyo inayompa mwalimu mkuu karatasi ya kuombea msaada kwa baraza la mitihani, na maombi hayangojei dakika ya mwisho, kwa hiyo wiki saba zile za kungojea si jambo dogo. Afisa wa EARC ameshaweka nakala kwenye faili lake. Tengeneza nakala tatu, ya shule, ya EARC na ya nyumbani, na ile ya asili isitoke mkononi mwako.

Je, ningelipa tena? Ndiyo, kwa mtaalamu yule. Kwa kliniki ile, ningelipa nusu kwanza na nusu siku ripoti inapofika, na ningeliandika hilo kwenye karatasi kabla ya kuvuka Mokowe. Na ningeanza na EARC, macho na masikio, kabla ya kutoa hata shilingi.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu tuanze dakika 15. Tunakaa baada ya magharibi, mimi na kofia yangu, yeye na kadi alizokata mwenyewe kwenye boksi la tambi. Juzi alisoma "ng'ombe" na "ngoma" bila kuchanganya, kisha akazikusanya kadi akaenda kwa ami yake. Nilimkuta anamwonyesha moja moja, ami yake ameziinua karibu na taa. Hajaniambia kama anataka kujifunza, nami sijamuuliza. Kadi hazijarudi, Badi amekata nyingine.